Mabinti wakirithi kibanja, ukoo utabaki na nini? Jibu kwa katibu wa ukoo

SWALI: Mimi ni katibu wa ukoo wetu, tunatokea Muleba mkoani Kagera. Kila Desemba tukirudi nyumbani tunafanya kikao. Mwaka jana dada zetu, wakiungwa mkono na vijana wanaoishi Mwanza na Dar es Salaam, walitaka ukoo utamke kwamba mabinti watarithi vibanja, yaani mashamba ya nyumbani ya ukoo, sawa na wana wa kiume. Wazee wakasema mwacha mila ni mtumwa, tena tukikubali, wajukuu wetu watakuta ardhi yote iko kwa watu wengine. Kikao kikavunjika kwa kelele. Mwaka huu nimeagizwa nilete pendekezo. Moyoni niko na dada zetu, lakini wazee nao sitaki kuwavunjia heshima. Mtu anajuaje kipi kibadilike na kipi kibaki? Halafu kuna shangazi yetu ambaye aliachika, anaishi kwenye kibanja cha marehemu baba yake. Watoto wa kaka yake wanataka ahame. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu Katibu,

Nianze na wazee, maana vijana wenu inaelekea wamekwisha kuwahukumu. Hofu yao ina msingi. Kibanja hakipimwi kwa migomba na mibuni peke yake. Hapo yapo makaburi, hapo anarudi mtu aliyeshindwa maisha ya mjini bila kuomba ruhusa ya yeyote, na hapo ndipo mwili wa aliyefia Dar es Salaam unapopelekwa. Binti akiolewa, watoto wake ni wa ukoo wa baba yao. Akirithi kibanja kisha akafa, wanaokichukua ni watu wa ukoo mwingine. Mpaka hapo hesabu ya wazee iko sawasawa.

Inapopotoka ni hatua inayofuata. Wanaamini kwamba kumzuia binti ndiko kulikoihifadhi ardhi mpaka leo. Kabla ya kikao, kaa na mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, mwandike kila kibanja kilichotoka mikononi mwa ukoo tangu yeye alipokuwa kijana, na pembeni mwandike nani alikiuza na kwa nini. Katika mashauri ya ardhi ya ukoo yaliyopita mezani kwangu, muuzaji karibu kila mara alikuwa mwana wa kiume mwenye haki kamili ya kurithi: karo, matibabu, deni la biashara, na mara nyingine pombe tu. Ukoo ulijilinda dhidi ya dada yake, kwake yeye ukaacha mlango wazi. Orodha hiyo isomwe kikaoni na mzee mwenyewe, wewe usiisome. Ikitoka kinywani mwa kijana itasikika kama matusi.

Halafu kuna hili la kwamba mila haibadiliki. Kanuni ambayo wazee wanaitetea, jinsi inavyosomwa mahakamani, ina tarehe yake. Mwaka 1945 Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha pamoja na M. M. Hartnoll maelezo ya sheria za kimila za Wahaya, kabila la huko kwenu. Baada ya Uhuru serikali ilitaka makabila yanayofuata ukoo wa baba yawe na kanuni za pamoja, Cory akaongoza kazi hiyo, na mwaka 1963 kanuni za urithi zikatoka kama Tangazo la Serikali Na. 436. Humo warithi wamepangwa kwa madaraja: la kwanza mwana mkubwa wa kiume wa nyumba ya kwanza, la pili wana wengine wa kiume, la tatu mabinti. Kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu, hataiuza, isipokuwa kama ukoo hauna mwanamume aliyebaki.

Sisemi Cory aliyatunga. Aliandika aliyoambiwa, na waliokuwa na nafasi ya kumweleza walikuwa zaidi machifu na wazee wa kiume. Yalipokwisha kuandikwa yakaacha kusogea, wakati kabla ya hapo yalikuwa yakisogea kila kizazi. Ona yaliyotokea pembeni yake. Nyarubanja, ambako mtu aliyepewa ardhi na mukama, yaani mtawala wa Kihaya, alikula kodi ya wakulima walioishi kwenye ardhi hiyo, ilikuwa mila yenye heshima kubwa kabisa huko kwenu. Sheria ya 1965 ikaifuta, wapangaji wakawa wenye ardhi, na sijawahi kumsikia mzee akiomba irudi. Kumrithi mjane nako kulipungua pasipo Bunge kukaa. Ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, uliwafanya watu waliokuwa wakali juu ya desturi hiyo waanze kuiogopa wenyewe.

Kwa hiyo mtakapokaa, msijadili kama mila ibadilike. Imebadilika, na wazee walikuwepo. Jadilini kanuni hii moja inalinda nini, na kama kuna njia ya kukilinda kitu hicho bila kumtoa mtu nje kwa sababu alizaliwa mwanamke. Nikiyatenganisha hayo mawili, naona mambo matatu yanayostahili kubaki: makaburi yasiuzwe, mtu wa ukoo asikose pa kurudia, na ardhi isiende kwa mgeni kimyakimya. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji binti anyimwe.

Mfano bora wa hili hauko mbali na nyumbani kwenu. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wasia halali. Alipozeeka, hana wa kumtunza, akaliuza Agosti 1988 kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo akitaka mauzo yafutwe kwa kuwa mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikageuza uamuzi, shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya, aliyetoa hukumu mwaka 1990. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, na jaji akasema kanuni inayomfunga mwanamke peke yake haiwezi kusimama mbele ya haki hizo.

Wengi wanaoisimulia kesi hii huishia hapo, dada zenu wakapiga vigelegele na wazee wakanuna. Sehemu iliyobaki ndiyo inayowahusu ninyi. Kwa mila ya Kihaya mwanamume naye hakuwa huru kabisa: akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni bila ukoo kukubali, ndugu wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Jaji hakuifuta haki hiyo. Aliieneza. Akasema mwanamke auze kwa masharti yaleyale ya mwanamume, kisha akampa Bernardo miezi sita ailipe ile 300,000 na kulichukua shamba, na asipolipa, mauzo yabaki. Ukoo haukunyang'anywa kinga yake. Uliambiwa kinga hiyo ina bei, na bei hiyo italipwa na wanaosema wanaipenda ardhi, isiwe mgongoni mwa mama mzee asiye na mtunzaji.

Upo pia mfano wa upande wa pili, ambao lazima niuseme kwa sababu nadhani kikao chenu kitavutwa huko. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walifukuzwa na wakwe kwenye nyumba walizoishi na waume zao, wakaenda Mahakama Kuu kuzipinga kanuni zilezile za 1963. Mwaka 2006 majaji wakakubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini wakakataa kuzifuta: mila za makabila zaidi ya 120 haziwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama, kufanya hivyo kutaleta vurugu, afadhali halmashauri za wilaya zianze mchakato wa kuzirekebisha. Yanasikika kama maneno ya hekima. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa sababu ya kosa la tarehe kwenye amri ya mahakama ya chini, kosa ambalo hawakulifanya wao. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imewakosea. Wakati huo wote watoto waliofukuzwa pamoja na mama zao walikuwa wanakua kwingine.

Kwenda polepole mimi nakuunga mkono. Ila kuna polepole yenye tarehe, na kuna ile ya kumwambia mwenye shida asubiri mpaka waliomzidi nguvu watakapokuwa tayari. Mzee akisema "tulifikirie kwanza", mjibu kwa adabu: sawa baba, tulifikirie mpaka lini?

Kisheria, sehemu kubwa ya mjadala wenu imekwisha. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, kwa masharti yaleyale. Kifungu cha 20 cha sheria ya vijiji kinabatilisha mila au uamuzi wa kimila unaomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu fursa halali ya ardhi. Kumbuka pia kwamba marehemu akiwa Mwislamu na maisha yake yalikuwa hivyo, mirathi yake itapitia mgawo wa Kiislamu. Mahakama huangalia mtu aliishi vipi, na koo za Kagera zina Waislamu na Wakristo ndani ya nyumba moja. Msiandike azimio linalojifanya kuwagawia wote kwa mkono mmoja.

Lakini usiingie kikaoni ukiwapungia wazee vifungu. Watanyamaza, watakubali, kisha kila kitu kitafanyika usiku. Majirani zetu wa Rwanda walipitisha Sheria Na. 22 ya mwaka 1999 iliyowapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa ya urithi, na kufikia 2013 walikuwa wamesajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 nchi nzima. Jamii haikusambaratika. Ugomvi ulihama: badala ya ukoo na mgeni, ukawa kaka na dada mbele ya wasuluhishi wa kijiji. Na wake ambao ndoa zao hazikuandikishwa serikalini wakabaki nje, kwa kuwa sheria ilimtambua mke mwenye ndoa rasmi. Jambo hilo lipelekeni kikaoni mapema, maana wenye kelele kubwa kuhusu mabinti mara nyingine ndio wanaomsahau mwanamke aliyeishi na kaka yao miaka mingi bila cheti.

Sasa pendekezo lenyewe. Mimi ningeandika fupi, kwa maneno ambayo bibi asiyejua kusoma akisomewa atayarudia bila kukosea:

"Watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, wana haki sawa katika kibanja. Kibanja cha ukoo kikitaka kuuzwa, awe muuzaji ni mwanamume au mwanamke, kitatangazwa kwanza kwa ukoo. Ukoo una miezi sita kulipa bei ileile aliyokubali mnunuzi wa nje. Miezi hiyo ikipita bila fedha, muuzaji yuko huru. Eneo la makaburi haliuzwi na njia ya kwenda huko haifungwi. Azimio hili linahusu vifo vya kuanzia leo."

Kila sentensi hapo ina mtu atakayetaka kuikata. "Awe mwanamume au mwanamke" itakatwa na kijana wa kiume mwenye mnunuzi mfukoni. Msimpe. Ukikuta sharti linawekwa kwa mabinti tu, hata kama linaitwa heshima ya ukoo, mmerudi kwenye Kanuni ya 20 kwa mlango wa nyuma na mahakama italivunja. Miezi sita itakatwa na wazee, watataka ukoo uwe na haki ya kukomboa milele; hapo hakuna mnunuzi atakayetoa bei ya maana na muuzaji mwenye shida ndiye atakayeumia. Na sentensi ya mwisho itakatwa na dada zenu, kwa uchungu wa haki. Hapo ndipo ningewaomba wakubali. Mirathi iliyokwisha kugawanywa, watu wamejenga na kuzika juu yake, mkiifumua mtapigana mpaka watoto wenu. Isipokuwa pale ambapo mtu bado hajapata pa kulala kwa sababu ya mgawo huo. Huyo ashughulikiwe peke yake, kwa jina.

Muanzishe na mfuko. Haki ya kukomboa bila fedha ni maneno tu. Ukoo unaotoa michango ya harusi kila mwezi hauwezi kusema hauna pa kuanzia.

Kuna pingamizi ambalo hakika litakuja: kibanja chenyewe ni kidogo, kikigawanywa kwa watoto saba wa kiume na wa kike kila mmoja atabaki na mistari miwili ya migomba. Ni kweli kabisa, na ingekuwa kweli hata kwa wana wa kiume saba. Haki sawa haina maana ya vipande sawa. Kibanja kinaweza kubaki kizima kwa yule anayekilima, wengine wakalipwa sehemu yao taratibu kwa makubaliano yaliyoandikwa, au wakabaki na haki ya chumba na kaburi. Sheria ya vijiji inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa familia au kundi, siyo kwa mtu mmoja tu, kwa hiyo nyumba kubwa na makaburi vinaweza kuwa na hati ya familia yenye majina ya kaka na dada. Mabinti wengi walioko mjini hawahitaji kulima. Wanataka kujua kwamba mlango upo. Lakini waseme wenyewe. Na karatasi ya kuachia haki isisainiwe msibani. Nimeona mwanamke akiletewa kalamu siku ya kuanua tanga, macho yamevimba, kaka zake wamemzunguka, anaambiwa asaini haraka mwenyekiti wa kitongoji anataka kuondoka. Wekeni kanuni kwamba hakuna anayesaini lolote kabla ya miezi mitatu kupita.

Kuhusu hofu ya shemeji kuja kutawala: waulizeni wazee mama zao walitoka ukoo gani. Wote walitoka nje, na mikono yao ndiyo iliyovipalilia vibanja hivyo.

Mpangilio wa kikao nao una uzito. Usianze na kura. Anza na ile orodha ya vibanja vilivyouzwa, kisha makaburi, jambo ambalo wote watakubaliana, kisha sharti la kuuza, ambalo wazee watalipenda kwa sababu linawafunga vijana wa kiume. Haki ya mabinti ije mwisho, wakati kinga ya ardhi imekwisha kuandikwa na hofu imepungua. Mabinti na wake wa ukoo wawemo ndani wakati wa kujadili, wasiitwe baadaye kusomewa. Azimio la ukoo si sheria ya Bunge na halimfungi mtu wa nje, kwa hiyo kila mtu mzima asaini au aweke dole gumba, na nakala ipelekwe halmashauri ya kijiji. Uhamisho wa haki miliki ya kimila unapita hapo, na halmashauri ikiwa na nakala itauliza kama ukoo ulitangaziwa. Wazee wenye vibanja, kila mmoja aandike wasia akiwa hai, na mashahidi wawe wa ndani ya ukoo na wa nje yake kama kanuni za 1963 zinavyotaka. Mzee mmoja akimwandikia binti yake wasia hadharani, itawasaidia kuliko hotuba yangu hii yote.

Sasa shangazi yenu. Huyo hawezi kungoja Desemba. Jambo la kwanza ni kujua nani aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yake. Kama hakuna, basi watoto wa kaka yake hawana mamlaka ya kumhamisha mtu wala kugawa chochote. Ukoo ukae, umpendekeze msimamizi, muhtasari uandikwe na kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na kama shangazi mwenyewe anaiweza kazi hiyo, hakuna kanuni halali inayomzuia kwa kuwa ni mwanamke. Wakati hayo yanaendelea abaki ndani ya nyumba, asihame hata kwa "muda mfupi tu", kwa sababu kumrudisha aliyetoka ni vigumu kuliko kumlinda aliyemo. Vijana wakianza kung'oa mibuni, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu wao lazima wawe wanawake. Hilo linapatanisha tu, na tangu 2021 Baraza la Kata nalo kazi yake ni kupatanisha. Mkishindwana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tafuta pia mwaka aliofariki baba yake na uuandike, kwa sababu madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12 na jambo la kwanza mtakaloulizwa ni hilo. Kama wapo majirani wazee waliomwona akiingia hapo baba yake akiwa hai, chukua maelezo yao sasa, yaandikwe na yasainiwe, wakiwa bado wana nguvu za kuyasema.

Na wakija na karatasi ya "makubaliano ya kifamilia" wakitaka wewe uwe shahidi kwa kuwa ni katibu, usiisaini.